Waulize Mafundi: Madirisha yaliyozibwa, mtaro usioonekana na maswali mengine ya majumba ya Uingereza

Toleo lililopita tulichapisha picha ya jumba la kale la mashambani Uingereza ambalo madirisha mawili ya ghorofani yamejengewa matofali, tukawauliza wasomaji wanadhani ni kwa nini. Majibu yalikuja machache, maswali yakaja mengi, kuanzia Igoma hadi Bukoba. Tumechagua yale ambayo jibu lake linamfaa fundi wa huku ziwani, maana majumba yale kila kinachoonekana cha ajabu kina kilichokisababisha: kodi, baridi, ng'ombe, sheria au uzito. Ukikijua hicho, unajua pia kama jambo lenyewe lina kazi kwenye kiwanja chako.

Mafundi, habari za kazi. Yale madirisha mawili yaliyozibwa, wenzangu hapa kijiweni wanasema ni kodi. Mimi nasema fundi aliharibu hesabu ya vyumba. Nani kapatia, na mtu aliyesimama chini atajuaje?
*Fundi uashi, Igoma*

Fundi, wenzako wana hoja, ila wewe pia usiivunje yako haraka.

Kodi ya madirisha ilikuwepo kweli. Ilianza 1696 na kufutwa 1851. Mwanzoni kila nyumba ilitoa shilingi 2, na yenye madirisha 10 au zaidi ikaongezewa. Mwaka 1747 hesabu ilibadilika: nyumba yenye madirisha 10 hadi 14 ilitozwa peni 6 kwa kila dirisha, yenye 15 hadi 19 peni 9, na yenye 20 au zaidi shilingi nzima kwa kila moja, juu ya zile shilingi 2 za nyumba. Shilingi yao ilikuwa na peni 12. Sasa tazama: madirisha 14 ni shilingi 7. Ukiwa na 15, yote kumi na tano yanahesabiwa kwa peni 9, jumla shilingi 11 na peni 3. Dirisha moja tu limekupandishia shilingi 4 na peni 3 kila mwaka. Ndiyo maana watu waliziba moja, wakabaki na 14.

Lakini mwenye jumba la vyumba hamsini hakusumbuliwa na fedha hizo, na wengine walizidisha madirisha ili watu waone kwamba wana uwezo. Kwenye majumba makubwa, mengi ya "madirisha" hayo hayakuwahi kuwa na kioo. Mchoraji alitaka uso wa nyumba ulingane kushoto na kulia. Pale ambapo nyuma ya ukuta palipita bomba la moshi, ngazi, au ukuta wa kugawa vyumba, alijenga umbo la dirisha bila tundu. Wapo waliopaka hata fremu na vioo kwa rangi nyeupe na nyeusi.

Kutambua, angalia pembeni mwa tundu. Ukiona mstari mmoja wa jointi umenyooka kutoka juu hadi chini, na matofali ya katikati hayajaingia kwenye matofali ya ukuta, hapo palikuwa wazi na pamezibwa baadaye. Yakiwa yameumana kozi kwa kozi, yaani mstari kwa mstari wa matofali, pamoja na mota ya rangi ileile, elekea kuamini kwamba pamejengwa hivyo tangu msingi. Kisha ingia ndani. Dirisha lililozibwa huacha alama upande wa chumbani: linta ya mbao (boriti ya juu ya tundu), kingo zilizokatwa mshazari, wakati mwingine hata sanduku la milango midogo ya mbao ya kufungia usiku. Ukikuta ukuta mtupu au dohani, hoja yako ya mchoro ndiyo iliyosimama.

Na ukiombwa na mteja kuziba dirisha, usiitoe linta. Toa fremu, chonga meno pembeni kila baada ya kozi mbili ili tofali jipya lishike la zamani, lowesha matofali, jenga hadi karibu na linta, kisha acha siku kadhaa kabla ya kushindilia mota kavukavu kwenye kozi ya mwisho. Ukijaza yote siku moja, mota ikikauka inasinyaa na ufa unajichora kwenye plasta kwa umbo lilelile la dirisha ulilotaka lisionekane.

Shikamooni. Nina eneo Kisesa lenye mteremko, nyumba iko juu na ziwa linaonekana kwa mbali. Ng'ombe na mbuzi wangu wanapanda hadi kwenye maua ya mama watoto. Sitaki ukuta unifichie ziwa. Nimesikia Waingereza walikuwa na uzio uliozama ardhini. Unajengwaje?
*Mfugaji, Kisesa*

Marahaba, ndugu yetu. Unaouliza unaitwa ha-ha, na kati ya yote tuliyoulizwa mwezi huu ndio unaofaa zaidi huku kwetu. Ulienea kwenye bustani za majumba ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1700. Pale Stowe, Buckinghamshire, Charles Bridgeman aliutumia kwa upana. Mtu akiwa sebuleni aliona majani yametandazika kutoka mlangoni hadi malishoni, na kondoo wako palepale, bila uzio wowote machoni. Kondoo nao hawakuweza kusogea.

Siri yake iko kwenye umbo la mtaro. Upande wa nyumba ni ukuta wima unaoshikilia udongo, na kichwa chake kiko sawa na majani. Upande wa malisho ni mteremko wa taratibu unaoshuka hadi chini ya ukuta huo. Mnyama anateremka, anakutana na ukuta, anageuka. Wewe uliye juu unaona majani ya huku na majani ya kule, kwa kuwa jicho linapita juu ya shimo.

Vipimo vya kuanzia: kina mita 1.4, mteremko wa mita 1 kwenda chini kwa kila mita 3 kwenda mbele. Hapo upana unakuwa mita 4.2, na kila mita moja ya urefu inatoa karibu mita 3 za ujazo za udongo. Uzio wa mita 40 ni mita za ujazo kama 118, na udongo ukichimbwa huvimba, kwa hiyo hesabu karibu 147. Hizo ni safari 30 za lori la mita za ujazo 5. Amua udongo utaupeleka wapi kabla jembe halijagusa ardhi. Kwako kuna nafuu: kwa kuwa ardhi inashuka kuelekea ziwani, upande wa nje tayari uko chini, na kazi ya kuchimba itapungua.

Ukuta ujenge kwa mawe, na mawe Mwanza hayajawahi kutuangusha. Kitako sm 60, kichwa sm 40, uso wa nje uegemee kidogo kuelekea nyumbani, msingi uende sm 40 chini ya sakafu ya mtaro. Nyuma ya ukuta jaza kokoto unene wa sm 30 kabla ya udongo. Acha matundu ya bomba la milimita 50 kila baada ya mita 1.5, karibu na chini. Sakafu ya mtaro ishuke sm 1 kwa kila mita, ili kwenye mita 40 zako upate sm 40 za kuyasukuma maji nje.

Ha-ha hufa kwa maji, mara chache sana kwa kitu kingine. Matundu yakiziba, mvua za masika zinajaza udongo ulio nyuma, uzito unaongezeka, na ukuta unaanza kutokeza tumbo katikati. Ukiona tumbo hilo, usiliremeshe kwa plasta. Fungua nyuma, toa maji, jenga upya kipande hicho. Kwenye mteremko kama wako, weka pia mfereji mdogo mita 2 nyuma ya ukuta ili maji ya uani yasimwagike juu yake. Tenki la maji na gari vikae mbali na ukingo, mita 2 kwa uchache. Na usiruhusu dimbwi chini. Ukipata maji yaliyotuama umefuga mbu, si maua.

Mbuzi ni suala lake. Ng'ombe mita 1.4 inamtosha, lakini mbuzi akiona jiwe limetokeza anaweka kwato na kupanda. Jaza jointi zilingane na uso wa mawe, kisha panda ua mfupi wa sm 50 ndani kidogo ya ukingo. Ua huo utawasaidia pia watoto na wageni wa usiku, kwa maana kitu kisichoonekana kwa mchana jua likizama hakionekani kabisa.

Kama kiwanja kingekuwa ufukweni hasa, tungekukumbusha kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: mita 60 kutoka kwenye maji hazijengwi wala kufanyiwa shughuli za kudumu. Wasomaji waliopakana na maji walizingatie hilo kabla ya kuchimba.

Nimeona kwenye televisheni ukuta wa bustani uliojengwa kwa mawimbi kama nyoka. Ni urembo tu? Si unakula matofali mengi zaidi?
*Mama mwenye kiwanja, Buswelu*

Unakula machache, mama, na hapo ndipo ulipo uzuri wake.

Kuta hizi ni nyingi zaidi Suffolk, mashariki mwa Uingereza, na ule wa kijiji cha Easton unajulikana sana. Ukuta ulionyooka, usio na nguzo, wenye unene wa upana wa tofali moja, yaani sm 10, upepo unaulaza. Fundi hulazimika kuujenga kwa unene wa urefu wa tofali, sm 21.5, au kuuwekea nguzo. Ukiupindisha, kila pindo linakuwa nguzo ya pindo linalofuata, kwa hiyo sm 10 zinatosha. Kunja karatasi kidogo kisha isimamishe mezani utaona.

Hesabu kwa tofali la Uingereza: ukuta wa mita 10, kimo mita 1.8, ni mita za mraba 18. Kwa unene mkubwa ni matofali 120 kwa mita ya mraba, jumla 2,160. Ukiwa wa mawimbi, tuseme urefu halisi ukifuata mapindo ni mita 12.5. Hizo ni mita za mraba 22.5 kwa matofali 60, jumla 1,350. Umeokoa 810. Matofali yetu ya kuchoma hayalingani tanuru kwa tanuru, basi jenga mita moja ya mraba ya majaribio, uhesabu, ndipo uagize.

Mambo matatu yaangalie. Mawimbi yanahitaji upana wa karibu mita moja, na tumbo la nje lazima liishie ndani ya bikoni zako; jirani hatakuelewa ukimwambia pindo limekosea njia. Msingi ufuate mapindo yaleyale, usichimbe mtaro ulionyooka kisha ukategemea ukuta utajipinda wenyewe juu yake. Na pindo likinyooshwa sana kwa kuhurumia ardhi, nguvu imekwenda: ukiona mita 3 hivi za ukuta karibu zimenyooka, hapo ndipo utakapoanguka.

Wenzetu walipata faida nyingine ya joto. Upande uliotazama kusini ulikusanya jua kwenye mabonde ya mawimbi na matunda yakaiva mapema. Kwao, nyuzi 52 kaskazini mwa ikweta, jua liko upande wa kusini mwaka mzima. Mwanza tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, jua linapita utosini, basi hilo halituhusu. Jenga kwa ajili ya matofali.

Nauza sangara Mwaloni Kirumba na barafu inanimaliza mtaji. Mwanangu kasoma kwamba matajiri wa Uingereza waliweka barafu chini ya ardhi tangu wakati wa baridi hadi kiangazi bila umeme. Nasi tunaweza kuchimba?
*Mchuuzi wa samaki, Kirumba*

Pole na kazi, mama. Kuchimba hapana. Lakini yale waliyoyafanya ndani ya shimo, unaweza kuyafanya ndani ya sanduku lako kuanzia kesho.

Nyumba ya barafu ilikuwa shimo la matofali lenye umbo la yai, ncha ikiwa chini, kisha likafunikwa kuba na kichuguu cha udongo, mara nyingi chini ya kivuli cha miti. Ya Greenwich ilijengwa 1619. Mlango ulielekezwa kaskazini, ukafuatiwa na ujia mfupi wenye milango miwili au mitatu. Mmoja ulifungwa kabla ya mwingine kufunguliwa. Bwawa lilipoganda, vibarua walivunja barafu, wakaimwaga ndani na kuitwanga hadi ikawa donge moja, huku nyasi kavu zikizunguka pembeni na juu. Chini kulikuwa na bomba la kutoa maji, nalo lilipindwa ili maji yabaki kwenye pindo na kuzuia hewa ya moto isipande, kama pindo la sinki.

Sababu shimo halitufai: udongo wa Uingereza mita chache chini hukaa karibu na nyuzi 10. Wa Mwanza unazidi 20. Shimo letu lingekuwa jiko.

Sanduku lako sasa. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka ina uwezo wa kushusha kilo 4 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 0. Kwa nini basi huku kwenye joto tunashauriwa kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki? Kwa sababu sehemu kubwa ya barafu hiyo haipoozi samaki. Inapambana na joto linalopenya kwenye kuta na kila unapofunua. Hapo ndipo mtaji unapoyeyukia. Kuta ziwe mbili, katikati povu gumu la sm 5 au zaidi, na mfuniko uwe na povu lilelile, maana wengi huweka povu pembeni tu, na juu wakaacha bati tupu. Toboa tundu chini, chomeka mpira, upinde uwe kama herufi U na ubaki na maji. Samaki akilala kwenye maji ya damu anaharibika hata kama maji hayo ni baridi.

Ponda barafu, usitie mapande makubwa: kati ya mapande kuna hewa, na samaki anapozwa na kile kinachomgusa. Tandika sm 10 chini, panga samaki waliotolewa matumbo, tumbo likiangalia chini ili maji yatoke, barafu tena, samaki tena, na tabaka la juu liwe nene kuliko yote. Gunia juu ya mfuniko, na sanduku lisiguse zege lililopigwa jua. Weka vipande vya mbao chini yake. Ukiwa na masanduku mawili, moja liwe la kuuzia na jingine lisifunguliwe hadi la kwanza liishe. Hiyo ndiyo milango yao mitatu.

Tumsifu Yesu Kristo. Nasikia katika majumba ya Uingereza kuna vyumba vya siri walimofichwa mapadre. Vilitengenezwaje hata askari wasivione?
*Katekista, Bukumbi*

Milele amina. Sheria ya 1585 ilimhesabu kuwa mhaini padre yeyote aliyepewa daraja ng'ambo akikutwa Uingereza, na aliyemhifadhi aliweza kuuawa. Familia zilizobaki Wakatoliki zikatengeneza maficho. Harvington Hall, Worcestershire, bado ina saba, na moja lao linastahili kuelezwa kwa ukaribu. Kwenye chumba kimoja kuna ukuta wa matofali wenye nguzo wima za mbao, nzito, zile ambazo fundi yeyote angesema zimebeba jengo. Mojawapo haijabeba kitu. Imetiwa pini, ukiisukuma inazunguka, chini yake inatoka nje na kuacha upenyo ambao mtu mwembamba anajipitisha kiubavu. Ikirudi mahali pake, ni nguzo kama wenzake. Kwenye ngazi ya jumba hilohilo, vipago viwili vinanyanyuka kama mfuniko wa sanduku.

Fundi anayekumbukwa zaidi ni Nicholas Owen, seremala mfupi, bradha wa Wajesuiti. Mchana alifanya useremala wa kawaida ili watumishi wasishangae uwepo wake, usiku akavunja mawe peke yake. Hakurudia mtindo, ili ficho moja likigunduliwa lisifichue jingine. Alipenda mahali ambapo sakafu zinapishana kimo au dohani zinakutana, kwa kuwa hapo unene wa ukuta haukadiriki kwa macho.

Askari nao walikuwa na kanuni zao. Walipima vyumba kwa ndani, wakapima nyumba kwa nje, wakatafuta tofauti. Jaribu: vyumba vitatu vya mita 4.2, 3.6 na 4.0 ni 11.8, kuta nne za sm 60 ni 2.4; jumla 14.2. Nje ukipata 15.3, mita 1.1 imepotelea wapi? Wakagonga mbao kusikiliza uwazi, wakatafuta mota mbichi. Wakikosa, walikaa tu ndani ya nyumba na kungoja njaa. Katika jumba la Hindlip, Januari 1606, palikuwa na ficho lililopitishiwa utete kutoka chumba cha bibi mwenye nyumba ili mchuzi umiminwe kwa waliojificha, lakini Owen na mwenzake hawakuwa kwenye ficho hilo. Walikaa siku kadhaa wakiwa na tufaha moja, kisha wakatoka. Owen aliteswa katika Mnara wa London akafa mwaka huohuo bila kuyataja maficho. Alitangazwa mtakatifu 1970.

Mteja wangu amerudi kutoka ng'ambo anataka madirisha ya kupandisha juu, yale yanayobaki popote unapoyaachia. Ndani kuna springi?
*Seremala, Nyakato*

Ya kale hayana springi, fundi, yana vyuma vilivyoning'inia. Fremu pande zote mbili ni sanduku lenye uwazi. Kamba imefungwa ubavuni mwa dirisha, inapita juu ya kapi, inashuka ndani ya sanduku ikiwa na chuma kizito. Dirisha likipanda, chuma kinashuka.

Ndani ya fremu moja kuna madirisha mawili, la juu na la chini; pima kila moja likiwa tayari na kioo. Tuseme kilo 12. La chini lipe vyuma viwili vya kilo 5.75, vyepesi kidogo kuliko dirisha, ili likifungwa libaki limekaa. La juu lipe viwili vya kilo 6.25, ili lisishuke. Kosa la kawaida ni mteja kubadili kioo baadaye. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Kioo cha mita za mraba 0.6 kikitoka milimita 4 kwenda 6 kimeongeza kilo 3, na dirisha litaanza kuanguka kwenye vidole vya watu.

Kamba ining'inize na chuma usiku kucha ivutike kabla ya kuikata. Ikate kwa urefu ambao dirisha likiwa juu kabisa chuma kibaki sm 5 juu ya sakafu ya sanduku. Kikigusa chini, kamba inalegea na kuruka kwenye kapi. Misumari ya kamba piga sehemu ya chini tu ya mfereji ulio ubavuni, ukipiga juu dirisha litakwama kwenye kapi kabla ya kufika mwisho. Na usisahau kipande cha mbao kinachotoka upande wa ndani, chini ya fremu, kinachokupa njia ya kufikia chuma. Fundi anayekigongomea moja kwa moja anamwachia atakayekuja kubomoa fremu siku kamba itakapokatika, na kamba hukatika.

Tumia mninga au mvule uliokauka, tia dawa ya mchwa ndani ya sanduku, na usipake rangi kamba wala njia ya kuteleza. Faida ya huku kwetu: fungua nusu ya juu na nusu ya chini kwa pamoja, hewa ya moto itatoka juu na ya ziwani itaingia chini. Wavu wa mbu utaukaza nje moja kwa moja, kwa sababu dirisha halifunguki kuelekea nje.

Ni kweli kuna nyumba ya pembe tatu?
*Mwanafunzi, Sengerema*

Kweli. Iko Rushton, Northamptonshire, na Sir Thomas Tresham aliijenga kati ya 1593 na 1597. Kuta tatu, ghorofa tatu, madirisha matatu kwa kila upande kwenye kila ghorofa, vichwa vitatu vya paa kila upande. Tresham alikuwa Mkatoliki aliyefungwa miaka mingi kwa imani yake, na nyumba nzima ni tangazo la Utatu Mtakatifu kwa mawe.

Nina nyumba ya wageni ya ghorofa moja na nataka kuongeza ukumbi juu. Fundi anasema kuta ni nene, hakuna shida. Naomba ushauri.
*Mwenye nyumba ya wageni, Bukoba*

Tazama picha za Little Moreton Hall, Cheshire. Ni nyumba ya mbao iliyoanzwa mwanzoni mwa miaka ya 1500. Baadaye katika karne hiyo waliongeza ukumbi mrefu juu kabisa, kisha wakaupaua kwa mapande ya mawe. Sehemu ya chini haikuwa imejengwa kwa mzigo huo. Sakafu zimepinda kama mtumbwi, kuta zimeegama, na hakuna pembe iliyobaki mraba.

Unene wa ukuta haujibu swali lako. Chimba mashimo mawili au matatu kando ya msingi uone kina chake, upana wake na udongo uliopo chini, maana pembeni mwa ziwa nyumba moja inaweza kukaa nusu juu ya mwamba na nusu juu ya udongo wa mfinyanzi, na hizo nusu mbili hazitatitia sawa. Jua kama kuna nguzo na mkanda wa zege au matofali tu. Mwite mhandisi aliyesajiliwa apige hesabu ya mzigo, kisha uombe kibali halmashauri kwa michoro yake.

Na kabla ya yote hayo, chunguza nyufa ulizonazo. Kila ufa ulio mpana kuliko ukucha, kwangua rangi pande zote mbili hadi kwenye tofali, bandika kipande chembamba cha kioo kiuvuke ufa, ncha zake zishikwe kwa plasta ngumu, uandike tarehe juu yake. Kisome kila mwezi kwa mwaka mzima, masika na kiangazi. Kioo kikikatika, nyumba bado inatembea, na huo ukumbi usubiri.